Theluji ya Salhina katika Lango la Forodha

Palitawala katika mji wa Marjebi, zamani ambazo mimi na wewe hatukuwa hata tetesi, sultani mmoja jina lake Ghalibu bin Sharwani, mtu wa haki na huruma na ndevu zilizotunzwa vizuri, na mji wake ulikuwa bondeni, wenye jua kali hata mijusi huvuka barabara kwa mbio, na masoko yake yalijaa zafarani na mazulia na vyombo vya shaba, na watu wake walikuwa hodari wa kusifu mali wakiwa dukani na mabubu wa ajabu wakiwa njiani. Na ububu huo ndio uliowaponza, kama utakavyosikia.

Upande wa kaskazini wa Marjebi ilisimama milima, na nyuma ya milima ulikuwako usultani wa Zumrati, na baina ya nchi hizi mbili hapakuwa na njia ila mpenyo mmoja mwembamba, na katika mpenyo huo lilijengwa lango la chuma lililoitwa Lango la Forodha. Masultani wa kale wa nchi zote mbili, walipochoka kudanganyana katika mambo ya ushuru, walimkamata jini wa moto aitwaye Shardabuni, wakamvisha pete ya ahadi, na wakamwapisha kwamba hatakula rushwa wala hatampendelea mtu, na kwamba hakitapita kitu langoni ila kiwe kimetajwa kilivyo, na anayekileta aseme kimetoka wapi na kinakwenda kwa nani. Jini akaapa, na majini wa namna ile wakiapa wameapa.

Lakini watu wa Marjebi walikuwa na desturi yao, nayo ni kuamini kwamba mali ikitajwa njiani kwa jina lake hupatwa na kijicho, hariri ikaoza na mnyama akavunjika mguu. Kwa hiyo mwenye lulu akiulizwa amebeba nini alisema, "Kunde tu, bwana," na mwenye hariri alisema ni matambara, na mwenye manukato alisema ni maji ya kuoshea vyombo. Na jini, ambaye hajui mzaha wala husuda, akisikia kunde alianza kutafuta kunde, kwa bidii na kwa adabu, gunia baada ya gunia, na asipoziona aliuweka mzigo ghalani mpaka kunde zipatikane. Mizigo ikarundikana kizazi baada ya kizazi, tende zikawa udongo na mazulia yakawa vitanda vya panya, na wafanyabiashara wakarudi kwao wakimlaani Shardabuni kuwa ni jini katili. Wala hakuwa katili hata chembe.

Miongoni mwa wenye misafara wa mji huo alikuwako bibi mmoja jina lake Salhina binti Mfaume, na hapa nitapunguza mwendo, kwa kuwa napenda kumsimulia. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika, na alirithi nyumbu wa baba yake akiwa bado msichana na akawazidisha, na watu walipomuuliza ataolewa lini aliwajibu kwamba nyumbu wake wana wivu. Baba yake, marehemu Mfaume, alikuwa na sanduku moja lililozuiwa katika ghala la Lango la Forodha, alilolitaja kuwa ni matambara, na alikwenda kulidai mara nyingi mpaka nguvu zikamwisha, akafa bila kusema lilikuwa na nini, kwani hata kitandani aliogopa kijicho. Salhina hakupita lango lile bila kuutupia jicho mlango wa ghala, na kila mara moyo wake uliuma.

Na Sultani Ghalibu alikuwa na mwana mmoja tu, Zahrani, kijana mwenye ulimi mtamu, aliyezoea kuja sokoni amevaa kanzu ya kawaida na kugombana na Salhina juu ya bei ya zafarani, na siku moja alimletea zawadi ya ndege asemaye, kasuku wa kijivu aitwaye Kishada, ati amsaidie kupiga kelele. Soko zima lilijua kwamba mwana wa Sultani hana haja ya zafarani nyingi kiasi kile. Wasiojua walikuwa wao wawili.

Basi ikawa kwa kadari ya Mola kwamba Zahrani alishikwa na homa ya moto, mwili wake ukawaka hata maji yakimwagwa kifuani yakatoka mvuke, na matabibu wakainamisha vichwa, ila mmoja aliyesema kwamba homa ile haitulizwi na kitu ila theluji ya kilele cha mlima Barudi, ulioko Zumrati, na theluji hiyo isipofika kabla ya mwezi kuandama, kijana hatauona huo mwezi. Sultani akawakusanya wenye misafara wote barazani na akasema, "Enyi watu wangu, mimi niliyezoea kuamuru leo naomba. Mwanangu anaungua mbele ya macho yangu, na hazina yangu yote haiwezi kumnunulia pumzi moja ya ubaridi. Atakayeniletea theluji hiyo, kisha akaniomba, naapa sitamnyima."

Kila mmoja akalifikiria lango, akatazama viatu vyake. Salhina akasimama na kusema, "Ewe Sultani mwenye kusitiriwa, mimi nitakwenda, na zawadi tutaizungumza mwanao akiweza kunipinga bei." Sauti yake ilitetemeka mwishoni, naye alijikasirikia.

Akaondoka na nyumbu wake, Kishada begani, pamoja na mkuu wa msafara wake, Mzee Farjala, aliyemlea tangu marehemu baba yake alipoaga dunia, mtu mwaminifu kupita kiasi na mwenye hirizi kupita kiasi. Wakapita lango mikono mitupu, na jini hana neno na mikono mitupu, wakapanda Barudi, wakajaza theluji katika masanduku ya mbao yaliyotandikwa makapi ya mpunga, wakashuka kwa haraka, na walipofika langoni akatokea Shardabuni, mrefu kama mnara wa msikiti, macho yake makaa na pumzi yake joto la tanuri, akainama kwa heshima na kuuliza, "Karibu, Bibi. Umebeba nini?"

Salhina akafungua kinywa, na kinywa chake kikafanya kama vinywa vya babu zake vilivyofanya. "Pamba," alisema.

"Pamba ni kitu chema," jini akasema, na akaanza kuitafuta.

Akafungua sanduku la kwanza na kuchakura kwa vidole vyake vya moto, na theluji ikawa maji. Akaomba radhi. Akafungua la pili na la tatu, na Salhina akapiga kelele kwamba aache, na jini akamjibu kwa upole, "Usihofu, Bibi, nitaitafuta pamba yako mpaka niipate, maana sipendi mtu apoteze mali langoni kwangu." Na alisema kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Maji yakatiririka juu ya mawe ya mpenyo, yakapita miguuni mwa nyumbu, na masanduku yalipokwisha hapakuwa na theluji wala pamba, na jini akabaki amesimama katikati ya makapi ameona haya kama mgeni aliyevunja kikombe.

Mzee Farjala akalia. Akasema, "Mwanangu, turudi. Tumeonwa. Kuna jicho limetufuata tangu nyumbani."

Salhina hakulia. Alikaa juu ya jiwe akiyatazama maji, na hasira zikampanda, kwanza juu ya jini, kisha, alipomtazama yule jini akiokota makapi moja moja na kuyarudisha sandukuni kwa utaratibu, hasira zile zikamgeukia mwenyewe. Alikumbuka baba yake akirudi nyumbani mwaka hadi mwaka akisema jini kanionea. Akajiuliza kama baba yake aliwahi kumwambia jini huyu neno moja la kweli, na jibu alilijua.

Akainuka, akaenda mbele ya Shardabuni, na akauliza swali ambalo tangu lango kujengwa hakuna binadamu aliyeliuliza. "Bwana wa lango, wewe unataka nini ili usimcheleweshe mtu?"

Jini akaacha makapi. Moshi ukamtoka masikioni, kwa kuwa majini wakishtuka ndivyo wanavyofanya. "Bibi," akasema, "nimekaa hapa tangu milima hii ikiwa na misitu, na nimetukanwa kwa lugha zote, na nimeletewa dhahabu nikairudisha, lakini hilo sijaulizwa. Nataka niambiwe kitu kilivyo. Na ningeambiwa mapema, kabla mnyama hajafika, ningeandaa hesabu ya ushuru na kufungua lango mkiwa bado mnatembea. Mimi sipendi kufungua mizigo, Bibi. Nafungua kwa sababu nadanganywa, na kila kinachoogopa joto huharibika mikononi mwangu."

"Nilibeba theluji," Salhina akasema, na neno hilo lilimtoka kwa uzito, na alitazama huku na huko asione jicho lolote. "Inakwenda kwa Zahrani mwana wa Sultani Ghalibu, ambaye ataungua asipoipata."

Jini akayatazama maji yaliyobaki, na sauti yake ikashuka. "Laiti ungesema."

"Laiti," Salhina akajibu. "Sasa niambie. Nikirudi na theluji nyingine, utajuaje kuwa ni theluji bila kufungua?"

Wakakaa wakashauriana, bibi juu ya jiwe na jini mbali kidogo, upande ambao upepo haukumletea bibi joto lake, na ilikuwa raha kuwasikiliza, kwa sababu wote wawili walikuwa watu wa kazi. Jini akasema kiapo chake kinamtaka ahakikishe, hakimtaki afungue, na kwamba anayo sindano ndefu ya fedha ambayo hakuitumia karne nyingi. Salhina akasema atatoboa kila sanduku tundu dogo na kuliziba kwa kizibo cha gome, na sindano ikiingia ikatoka na umande, basi. Jini akasema ushuru ni sehemu moja katika kumi. Salhina akasema sanduku la ushuru litatangulia mbele ya msafara, kando na mengine, ili jini asipange wala asipangue mizigo. Jini akafurahi hata mawe ya karibu yakapata joto.

Basi akapanda Barudi kwa mara ya pili, na mwezi ulikuwa umebaki mwembamba angani mchana kama ukucha uliokatwa, na alipokwisha kufunga masanduku kwa ngozi mbili na makapi manene, akamweka Kishada mkononi amfundishe maneno ya kutangulia nayo. Na kazi ngumu ya safari nzima ilikuwa hiyo, kwa maana Kishada alikuwa ndege wa sokoni.

"Theluji," alisema Salhina.

"Theluji safi ya kifalme, haina mfano!" akasema Kishada.

"Theluji tu."

"Theluji tamu, bibi, onja kwanza, kuonja si kununua!"

Akamfundisha huku akimnyima lozi, mpaka ndege akakubali kwa uchungu kusema kitu bila kukisifu, nayo ni adabu ambayo wauzaji wengi hufa hawajaipata. Kisha akamrusha, na Kishada akatua juu ya lango na kumwambia Shardabuni kwamba yanakuja masanduku ishirini ya theluji ya Barudi, mali ya Salhina binti Mfaume, yanakwenda kwa Zahrani bin Ghalibu kwa ajili ya dawa, mawili ya kwanza ni ushuru, na hakuna kingine. Jini akampa lozi, akatwaa sindano yake akaisugua ikang'aa, akaufungua mlango mmoja wa lango, wa kutosha nyumbu kupita, akasimama kando yake kama bwana harusi.

Nyumbu wakashuka. Jini akachoma sanduku la kwanza, sindano ikatoka na umande, akasema pita, akachoma la pili na la tatu, na msafara haukusimama, ulipunguza tu hatua, na Salhina alitembea pembeni akiyahesabu. Likaja sanduku la mwisho. Sindano ikaingia, ikatoka, na kwenye ncha yake ulining'inia uzi mwekundu.

Macho ya Shardabuni yakageuka rangi. Komeo la chuma likaanza kuteleza lenyewe kuelekea ukutani, kwa nguvu ya kiapo cha kale, na jini akasema kwa sauti iliyojaa huzuni, "Bibi, ndani yake mna kitu kisichotajwa. Komeo likifika ukutani itanipasa kuyafungua masanduku yote."

"Hapana kitu!" Salhina akasema, kisha akaugeuza uso taratibu akamtazama Mzee Farjala, na mzee alikuwa amekuwa rangi ya majivu.

"Mwanangu," akasema mzee, "nilitia kinga. Ulitaja kila kitu wazi mbele ya ulimwengu, nikaogopa."

"Itaje!"

"Siwezi. Haitajwi."

"Mzee wangu," Salhina akamwambia, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, "Zahrani anakufa. Itaje."

Mzee Farjala akapiga magoti kwenye mawe, akafumba macho, na akalitoa neno lile kana kwamba anang'oa jino. "Ni hirizi! Ngozi ya mbuzi na uzi mwekundu, na ndani yake kipande cha shela ya marehemu mke wangu. Imetoka kwake. Inakwenda kwa mtoto wa Sultani, imlinde, kwa sababu mimi sina dawa nyingine."

Komeo likasimama. Baina yake na ukuta ungeweza kupitisha kidole kimoja. Shardabuni akainama akaitazama nafasi ile kwa makini, maana hakutaka kumpendelea mtu, akapima, akapima tena, kisha akasema, "Kimetajwa kabla lango halijafungwa." Akamtazama mzee kwa udadisi. "Na kazi yake nini hasa?"

"Kuzuia macho ya watu, bwana."

"Imefanya kazi?"

"Nusura ituue," akasema Mzee Farjala, na Salhina akacheka huku analia, na jini, asiyejua mzaha, akacheka pia bila kujua kwa nini, na komeo likarudi nyuma. Na walipokuwa wakiteremka upande wa Marjebi, Salhina aligeuka akamwona Shardabuni amechukua theluji ya ushuru na kuibandika kwenye paji la uso, ikawa inayeyuka na kutoa mvuke, naye amefumba macho kwa raha, kiumbe wa moto aliyeonja ubaridi mara ya kwanza tangu kuumbwa kwake.

Theluji ikafika. Wakamfunika Zahrani kwa theluji kifuani na kichwani, mvuke ukajaa chumba, homa ikapigana kisha ikashindwa, na mwezi ulipoandama kijana alikuwa ameketi kitandani akiutazama dirishani. Neno lake la kwanza kwa Salhina lilikuwa, "Nasikia ulisema barazani kuwa nitakupinga bei."

"Nilisema njiani kila kitu kilivyo," akajibu Salhina. "Limebaki moja tu, na hilo utangulie wewe kulisema."

Akatangulia. Na Sultani Ghalibu, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia bila aibu yoyote, akatoka na kusema, "Ewe binti Mfaume, mwanangu ni wako, na nusu ya hazina yangu ni yako, na bado sijaitimiza ahadi yangu, kwani nilisema uniombe."

Salhina akaomba amri itangazwe katika nchi zote mbili kwamba kila msafara utume ndege mbele yake, mwenye maneno ya kweli yasiyo na sifa, na kwamba mizigo iliyolala maghalani irudishwe kwa warithi watakaoitaja ilivyo. Na Sultani wa Zumrati akaridhia. Watu wakaupanda mpenyo kwa makundi, wakasimama mbele ya jini na kunong'ona kwa haya, "Ilikuwa lulu, bwana. Babu alisema kunde." Na jini akawapa lulu zao, na akawashukuru, na Marjebi ikatajirika kwa mali yake yenyewe.

Lakini sanduku la Mfaume lilibaki, kwa kuwa hakuna aliyejua lina nini. Salhina akaenda, Zahrani akiwa nyuma yake, na Shardabuni akalileta na kuliweka chini taratibu, akasema, "Bibi, wewe ni rafiki yangu, na kiapo ni kiapo. Lina nini?"

Salhina angeweza kukisia. Angeweza kusema hariri, au shaba, na huenda angepatia. Akaweka kiganja juu ya kifuniko kilichoota ukungu, na akasema, "Sijui. Nijualo ni kwamba lilitoka mikononi mwa baba yangu, na mimi ni mwanawe, na nimemkumbuka."

Jini akayapima maneno hayo moja moja. "Hakuna neno hapo lisilo kweli," akasema. "Umelitaja kama unavyolijua. Pita."

Walipolifungua walikuta nguo ya harusi, hariri nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, iliyohifadhiwa na ubaridi wa mlima, na kimo chake kilikatwa kikubwa mno kwa mtoto, kama nguo inayokatwa na baba ambaye ana binti mdogo na anatazama mbali. Salhina aliivaa siku ya harusi yake na ikamtosha. Jini hakuweza kuhudhuria kwa ajili ya kazi, ila walimpelekea sanduku la theluji, na Kishada akatangulia kuitaja.

Basi mwenye kupeleka mali nchi ya watu na asizuiliwe njiani, aseme alichobeba, na aseme mapema, na kama hajui aseme hajui. Hayo ndiyo niliyopewa kuyafikisha, nami nimeyafikisha bila kuongeza wala kuficha, na lango hili nalifunga kwa salama.